Mkojo mwekundu na arosto ya jioni

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama lishe hapa Mbagala, nina miaka 34. Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, mwenye miaka 27. Anatumia unga, yaani heroini. Nimelitaja wazi mapema kwa sababu nyumbani tumelizunguka neno hili miaka sita: mara anaumwa, mara karogwa, mara marafiki wabaya, na muda wote vitu vinatoka ndani kimoja kimoja. Simu yangu, pasi, mitungi miwili ya gesi, mpaka hereni za mama alizopewa na marehemu baba.

Alianzia maskani, enzi anajifunza kuchomelea gereji. Walimpa msokoto wa bangi uliochanganywa na unga, wakamwambia ni bangi tu, kali kidogo. Alipokuja kujua anavuta nini, tayari akiamka bila kete hawezi kusimama.

Mara ya kwanza arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ilimshika chumbani kwangu, kwa hiari yake. Alisema, "Dada, nifungie, hata nikikutukana usifungue." Sijawahi kuona kitu kama kile. Ilianza kwa miayo, miayo mfululizo kama mtu aliyekesha msibani. Jioni machozi na kamasi vinamtoka na wala halii, vinyweleo vimemsimama, anatetemeka kwa baridi, Mbagala hii, mwezi wa pili. Usiku wa pili miguu yake ilipiga godoro mpaka alfajiri. Anaharisha, anatapika, anasema kuna mtu anamchuna mifupa kwa ndani. Siku ya sita alikula ugali, tukamshukuru Mungu. Siku ya kumi na moja alirudi maskani.

Mara ya pili mjomba alimchukua Handeni. Alimfunga mnyororo mguuni wiki mbili, kisha akakaa naye shambani, jumla miezi miwili. Alirudi kanenepa, mashavu yamejaa, mtaa mzima ukanipongeza. Usiku wa pili tangu arudi, jirani alimkuta chooni kaegemea ukuta, midomo imekuwa rangi ya majivu, anakoroma kwa mbali. Kijana wa bajaji ndiye aliyetuwahisha hospitali. Walimchoma sindano, akafumbua macho hapohapo. Baadaye alituambia alichukua kipimo chake kilekile cha siku zote.

Mara ya tatu alikwenda mwenyewe kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga. Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Shangazi, nilimpata mdogo wangu. Kila asubuhi anapanda daladala, anakunywa dawa mbele ya muuguzi, anarudi kazini. Alianza tena kuchomelea madirisha. Mwezi wa tatu alinunua kilo mbili za sukari akamletea mama. Mama aliziweka kabatini, hakuzifungua wiki nzima, kila mgeni akija anaonyeshwa.

Sasa tatizo. Mwezi uliopita kikohozi kilimganda, jasho la usiku, akapungua. Zahanati ya karibu walimkuta na kifua kikuu, na ameanza dawa wiki tatu zilizopita. Pale zahanati hakusema kwamba anakunywa methadoni. Muuguzi ni mtu wa mtaani kwetu, aliona haya. Na kule kliniki hakusema kwamba ana TB, anaogopa watamtenga kwenye foleni. Kama siku kumi baada ya kuanza hizo dawa, hali ikabadilika. Asubuhi akishakunywa methadoni yuko sawa. Ikifika saa kumi na moja, saa kumi na mbili jioni, miayo inaanza, pua inachuruzika, na usiku halali. Mkojo wake umekuwa wa rangi ya machungwa inayokwenda kwenye wekundu, hata jasho limetia doa shati lake jeupe.

Mama anasema methadoni imemharibu figo. Anasema tumemtoa kwenye unga wa maskani tukamtia kwenye unga wa serikali. Mjomba anapiga simu kila siku, anataka aache methadoni mara moja arudi Handeni akaimalize arosto kiume. Na juzi usiku mdogo wangu alikuja jikoni, akakaa kwenye ndoo, akaniambia kweli: amevuta mara mbili wiki hii, jioni, kwa sababu alishindwa. Alilia. Aliniomba nisiseme kliniki, wasije wakamfuta.

Mama amenipa vidonge vitano vya usingizi, vilivyobaki vya siku za msiba wa baba, anataka nimpe kimoja kila jioni alale. Viko kwenye pochi yangu. Nifanye nini, shangazi?

Dada mtu, Mbagala


Marahaba, mwanangu.

Hivyo vidonge vitoe kwenye pochi uvirudishe duka la dawa au hospitali, mdogo wako asimeze hata kimoja. Vidonge vya usingizi vya jamii ya Valium, methadoni na unga vikikutana mwilini, kila kimoja kinapunguza pumzi kwa upande wake, na mtu hulala asiamke. Pombe nayo imo kwenye kundi hilo. Uliuliza kabla ya kumpa, na kwa hilo nakushukuru kutoka moyoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu. Nilipigia mstari wiki tatu za dawa za TB, arosto inayokuja jioni wakati asubuhi alikuwa mzima, na mkojo mwekundu. Wewe umeyaandika kila moja mahali pake. Mimi naona ni jambo moja.

Katika dawa za kifua kikuu imo inayoitwa rifampisini. Ndiyo inayotia rangi mkojo, jasho, hata machozi. Rangi hiyo ni ya dawa yenyewe inapotoka mwilini, siyo damu na siyo figo zinazokufa, mtulize mama. Lakini rifampisini ina kazi nyingine isiyoonekana kwa macho: inalichochea ini lifanye kazi kwa kasi, na ini ndilo linaloivunja methadoni. Dozi iliyokuwa inamvusha mdogo wako kutoka asubuhi hadi asubuhi, sasa inamwacha njiani jua likizama. Mabadiliko hayo huonekana ndani ya wiki moja au mbili tangu dawa za TB zianze, na wewe umehesabu siku kumi. Madaktari wanalijua hili zamani. Mwaka 1976 huko New York waliandika kuhusu wagonjwa 30 wa methadoni waliopewa rifampisini, na 21 kati yao walishikwa na arosto.

Kwa hiyo methadoni haijashindwa, na huyo kijana hatafuti kisingizio. Arosto yake ni ya kweli, ina sababu, na inarekebishika.

Kesho asubuhi panda naye daladala. Mbebe kadi ya TB na zile dawa zenyewe, aziweke mbele ya daktari au muuguzi wa kliniki ya methadoni. Aseme arosto inaanza saa ngapi, inamshika vipi, na aseme kwamba amevuta mara mbili. Najua hapo ndipo panapowatisha. Lakini wale watu wanapanga dozi kwa kusikiliza mwili wa mgonjwa, na mgonjwa anayeficha anapimiwa dozi ya mtu mwingine. Wakidhani yuko safi watamwacha pale alipo, ataendelea kujazia kwa unga jioni, na hiyo methadoni ya asubuhi pamoja na kete ya jioni ndiyo inayoua watu. Kuhusu TB vilevile: ugonjwa huu na unga vinatembea pamoja, watu wanabanana vijiweni na kupuliza moshi chumba kimoja, hivyo kliniki za methadoni zimezoea kuuliza habari za kikohozi. Wenzake wanaosimama naye foleni kila siku nao wana haki ya kupimwa. Wewe na mama pia, mnaolala naye nyumba moja, nendeni mkapimwe wiki hii.

Watampandishia dozi, na watapandisha kidogo kidogo. Mtu huanza methadoni kwa miligramu 20 au 30, na wengi hutulia mahali fulani kati ya 60 na 120. Anayemeza rifampisini anaweza kuhitaji zaidi ya alichozoea. Kila hatua wanayoongeza huchukua siku nne au tano kuonyesha nguvu yake yote, ndiyo maana hawakimbilii. Siku hizo za kusubiri zitakuwa na jioni mbaya mbili tatu. Mwambieni mapema, ajue zina mwisho.

Hizo dawa za TB asikose hata siku moja, ni miezi sita. Na hapa naomba uandike kitu ukutani jikoni kwako, pale unapoandika madeni ya wateja: tarehe atakayomaliza dawa za TB. Rifampisini ikiondoka, ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani ndani ya wiki chache, na ile dozi iliyopandishwa inageuka kuwa kubwa mno. Lazima kliniki wajue siku hiyo ili waishushe. Mtu akisahau tarehe hiyo, mgonjwa anaanza kusinzia mchana juu ya sahani, na usiku anakoroma mkoromo ule uliousikia chooni. Na dawa nyingine yoyote atakayoandikiwa kokote, iwe ya kifafa, ya VVU, au sindano ya mafua, aseme kwanza: nakunywa methadoni. Hapo zahanati pia, hata kama muuguzi ni jirani. Muuguzi anafungwa na siri ya kazi yake, na aibu ya dakika mbili itawaepusha na mengi.

Sasa maneno ya mama. Unga wa serikali. Nayachukua kwa heshima, maana nusu yake ni kweli. Methadoni ni jamii ya afyuni, ukoo mmoja na heroini, na mwili wa mdogo wako unaitegemea. Sitamficha mama jambo hilo, akilisikia kwa mwingine hatanisadiki tena kwa mengine. Nusu ya pili ndiyo anayoiishi bila kuitaja. Heroini inapanda kwa dakika na kushuka kwa saa chache, kwa hiyo mtu wa unga anashikwa na arosto mara tatu, mara nne kwa siku, na kila mara lazima hela ipatikane, iwe ya kuosha magari au ya hereni za mtu. Methadoni inapanda taratibu na kukaa zaidi ya siku nzima. Kichwa kinabaki chake. Anaweza kushika mashine ya kuchomelea bila kusinzia juu ya moto. Muulize mama zile kilo mbili za sukari zilinunuliwa na nani.

Mwambie pia kwamba Tanzania imekuwa ikitoa dawa hii tangu mwaka 2011 pale Muhimbili, kisha Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoani. Zanzibar ipo, na Kenya ipo Nairobi, Malindi na Mombasa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Halipii hata shilingi zaidi ya nauli.

Kwa mjomba nina maneno mazito kidogo, na nakuomba umsomee kwenye simu kama yalivyo. Mjomba, ulimpenda huyu kijana kiasi cha kumlisha miezi miwili. Lakini mnyororo ule karibu umuue. Mwili wa mtu anayevuta kila siku unajifunza kuubeba unga. Akikaa wiki mbili tatu bila kuugusa, unasahau. Hamu haisahau. Ndiyo maana alirudi mjini amenawiri, akachukua kipimo chake kilekile, na kipimo hicho kikawa cha kumzika. Wengi wanaokufa kwa unga hufa hivyo, wiki za kwanza baada ya kutoka jela, kutoka soba, zile nyumba za kuwasaidia watu waache unga, kutoka shamba la mjomba, familia ikiwa bado inasherehekea.

Na safari hii ingekuwa mbaya zaidi. Mjomba anaifikiria arosto ya siku sita aliyoiona. Arosto ya unga huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, inapanda siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki inalegea. Ya methadoni iliyokatwa ghafla inachelewa kuanza, siku moja mbili mtu anajiona shujaa, halafu inakuja na kukaa wiki mbili, tatu, na zaidi. Juu yake weka kifua kikuu kilichokatishwa dawa njiani. Siku ya kuacha methadoni inaweza kufika, sikatai. Itafika akiwa ametulia mwaka au zaidi, ana kazi, ana usingizi, na itashushwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, yeye mwenyewe akitaka. Haipangwi na simu kutoka Handeni. Kama mjomba anawaza soba, zipo zilizosaidia vijana wengi, Zanzibar na Bara. Aulize jambo moja kabla ya kulipa: wanamruhusu aendelee na methadoni yake? Wakisema hapana, asimpeleke.

Kile kilichotokea chooni kinaweza kurudi, kwa hiyo jifunze leo ukiwa umetulia. Mtu aliyezidiwa na unga haamki ukimtikisa na kumwita kwa nguvu, pumzi zinakuja moja moja kwa mbali, anakoroma au ananyamaza kabisa, midomo na kucha vinageuka rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Piga kelele watu waje, bajaji itafutwe. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano hivi, mpaka aanze kupumua mwenyewe au mfike hospitali. Akipumua lakini hajaamka, mlaze ubavu asije akasamwa na matapishi. Maziwa, maji ya chumvi, kumwagia ndoo ya maji, kumpiga makofi, vyote hivyo vinapoteza dakika ambazo hamna. Sindano iliyomwamsha ile siku inaelekea ilikuwa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga. Inaanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, lakini huisha nguvu ndani ya saa moja au moja na nusu wakati unga bado umo mwilini, kwa hiyo akiamka akataka kuondoka hospitali, mzuie. Mwambieni daktari amechukua nini. Msione aibu.

Nafahamu barua hii itasomwa na mtu aliye mbali na kliniki yoyote, na arosto imeshamshika au inamshika mtoto wake sasa hivi. Huyo naye nimwambie. Arosto ya unga peke yake mara chache huua mtu mzima mwenye afya. Kinachoua ni maji kuisha mwilini. Kwa hiyo kazi kubwa ya anayeuguza ni kikombe. ORS kutoka duka la dawa, au dafu, au uji mwepesi wenye chumvi na sukari kidogo, vijiko viwili vitatu kila dakika chache hata akitapika. Panadoli kwa maumivu, kwa kipimo kilichoandikwa. Maji ya uvuguvugu ya kuoga yanatuliza ile miguu, na mtu wa kuisugua anatuliza zaidi. Shuka mbili za kubadilisha. Mlango usifungwe kwa nje, moto ukitokea au pumzi ikikatika hamtamfikia. Akishindwa kubakiza maji siku nzima, akichanganyikiwa, au akipata degedege, ni hospitali bila kungoja. Degedege siyo tabia ya arosto ya unga, huenda kuna pombe, vidonge au malaria ndani yake. Na mwanamke mwenye mimba asijaribu kabisa kuacha ghafla, mimba inaweza kutoka au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Huyo methadoni ndiyo tiba yake, na aende mapema. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni ya bure, waulizeni kliniki iliyo jirani.

Nirudi kwako. Siku sita za arosto mdogo wako amezishinda mara mbili. Kilichomshinda ni siku ya kumi na moja. Hapo tumbo limeshatulia, watu wamerudi kwenye shughuli zao, na yeye amebaki na usingizi usiokuja, moyo mzito, na jioni ndefu isiyo na kitu. Hali hiyo inaweza kuvuta miezi. Hamu nayo ina njia zake: harufu ya kiberiti, karatasi ya fedha ya sigara, sauti ya mshikaji nje ya dirisha, na zaidi ya vyote, hela ya siku ikiwa mfukoni saa kumi na moja anapotoka gereji. Kaeni naye mwongee habari ya saa hiyo moja tu. Je, fundi wake anaweza kumlipa kwa wiki, au hela ipitie kwenye simu yako kwa muda, kwa makubaliano yake mwenyewe? Daladala inayompitisha mbele ya maskani, inaweza kubadilishwa, hata kama ni kutembea kituo kimoja zaidi? Anaweza kuja kwako saa hizo akukatie vitunguu vya kesho? Nimewaona watu wakivushwa na kazi ndogo kama hiyo kuliko na hotuba zangu. Na hamu yenyewe, ikimpanda, haikai kileleni muda mrefu. Apige simu, atembee, anywe maji, asogeze nusu saa. Kliniki wana washauri, na miongoni mwao mara nyingi wapo waliotoka hukohuko. Amtafute mmoja.

Zile kete mbili msizifanyie kesi. Miezi mitano haijafutika kwa kete mbili, na ukimwambia imefutika ataona hana cha kulinda. Umegundua alichofanya juzi? Miaka sita huyu kijana alikudanganya akiwa anatazama macho yako. Juzi alikuja jikoni bila kuulizwa, akakaa kwenye ndoo, akasema. Sijui kama kuna dalili ya kupona ninayoiheshimu kuliko hiyo. Mlipe kwa kutomgombeza.

Na wewe mwenyewe, dada mtu. Umeorodhesha vilivyotoka ndani: simu, pasi, mitungi ya gesi, hereni. Hukuandika hata mstari mmoja kuhusu wewe ulivyolala miaka hiyo. Hulazimiki kuwa umeshasamehe. Kufuli la sanduku la mauzo liache mahali pake, na mwambie kwa upole kwamba lipo na litakaa. Anayepona hahitaji kuaminiwa yote kwa mara moja, na kufuli linawapunguzia nyote wawili wasiwasi wa usiku. Hela mkononi usimpe, nauli mpe. Tafuta mtu wa kuzungumza naye asiyekuwa mama wala mjomba. Kliniki nyingi huita familia kwa vikao, nenda hata ukiwa umechoka.

Kesho mkifika, mwache azungumze yeye. Kaa benchi, shika kadi mbili na chupa ya maji. Dozi ikishapanda niandikie tena, uniambie siku hizi ikigonga saa kumi na moja jioni anakuwa wapi.

Shangazi